Ijue Njia Kabla ya Homa: Mwongozo wa Afya kwa Mwanachuo wa Musoma, Bunda na Butiama

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, homa ilinishika Alhamisi jioni. Nikaenda duka la dawa la jirani, nikaomba mseto wa malaria, nikauziwa bila kupimwa. Pakiti ilikuwa na vidonge 24. Usiku ule nikameza vinne, asubuhi vinne, jioni vinne. Jumamosi nikaamka mzima, nikala ugali na dagaa, na vidonge 12 vilivyobaki nikavifungia begini vije vinifae siku nyingine. Siku ya kumi na moja nilikuwa nimelala sakafuni, meno yanagongana, siwezi kusimama, na wiki ile ndiyo ilikuwa ya majaribio.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumbani. Hakuwa na utaalamu wowote wa tiba. Alijua mambo matatu tu: hospitali iko wapi, kadi yangu ya bima naiweka wapi, na bodaboda yupi anapokea simu usiku.

Mwongozo huu unakutaka uyajue hayo matatu na mengine machache ungali mzima. Unakuhusu uwe Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere pale Butiama, Chuo cha Ualimu Bunda, Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, vyuo vya afya vya Musoma, au unasoma Chuo Kikuu Huria huku una kazi na familia. Homa haiulizi unasoma wapi.

Kabla hujapanda basi

Ndani ya maelekezo ya kujiunga na chuo kuna fomu ya uchunguzi wa afya. Wengi huijaza mbiombio siku mbili kabla ya safari, wakamtafuta mtu wa kuwagongea mhuri. Usifanye hivyo. Nenda hospitali ya karibu na nyumbani, upimwe kweli. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kujua kama una tatizo la macho, upungufu wa damu au shinikizo la damu kabla halijakukuta ukiwa peke yako.

Kama una ugonjwa wa kudumu, yaani pumu, kisukari, kifafa, selimundu au mwingine wowote, omba kwenye kliniki yako barua inayoeleza ugonjwa, dawa unazotumia na kiasi chake. Beba dawa za mwezi mzima, maana wiki za kwanza utakuwa bado unatafuta chumba na kupanga foleni ya usajili. Kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, omba barua ya uhamisho kutoka CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo. Kliniki hizo zipo mkoani Mara, dawa ni bure, na siri yako inalindwa huku kama ilivyolindwa nyumbani.

Jua pia dawa zinazokudhuru. Muulize mama au bibi: ulipokuwa mdogo kuna sindano au kidonge kilichowahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso? Jibu liandike kwenye simu yako.

Wiki ya kwanza: iendee njia kwa miguu yako

Mgeni akifika mjini huonyeshwa soko na stendi. Wewe nenda pia ukaione zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na unapolala. Uliza saa za kazi, uliza usiku yupo nani, uliza kama wanapokea bima yako.

Tiba yetu imepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, kisha ya taifa. Musoma mjini kuna Kituo cha Afya Nyasho, na kwa mkoa mzima kuna hospitali ya rufaa iliyoko Kwangwa, yenye jina la Mwalimu Nyerere. Ujenzi wake ulianza miaka ya 1970, ukakwama kwa miongo kadhaa, na wapo wazee waliolitazama gofu lile tangu ujana wao mpaka likapokea wagonjwa. Waliosubiri namna hiyo wanaijua thamani ya hospitali iliyo karibu. Bunda kuna hospitali teule ambayo wenyeji huiita DDH, na kuna Manyamanyama upande wa Serikali. Butiama kuna hospitali pale pale kijijini kwa Mwalimu. Tatizo likiwashinda wote hao, rufaa huelekea Bugando, Mwanza.

Anza ngazi ya chini isipokuwa kwa dharura. Ukiruka ngazi bila karatasi ya rufaa, bima inaweza kukataa kulipa, na utakaa foleni ndefu kwa kikohozi ambacho kituo cha afya kingekimaliza asubuhi moja. Lakini kwa ajali, kutokwa damu nyingi, degedege au kupumua kwa shida, nenda hospitali yoyote iliyo karibu.

Bima na pesa

Wanachuo wengi hukatiwa bima ya NHIF kupitia chuo. Mchango wa mwanafunzi ulizoeleka kuwa shilingi 50,400 kwa mwaka; wewe fuata kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo ya mwaka wako. Unalipa kwa namba ya malipo, unajaza taarifa zako, chuo kinazituma. Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Herufi moja ikipotea utazunguka ofisini wiki nzima.

Kama mzazi wako ni mwanachama, uliza kwanza kama bado umo kwenye orodha ya wategemezi wake, kwa sababu utegemezi una ukomo wa umri. Kama nyumbani mna CHF iliyoboreshwa, ile iliyozoeleka kuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, uliza inakufikisha wapi ukiwa mbali na kijiji chako. Usisubiri kuyauliza hayo dirishani ukiwa na homa.

Kati ya kulipa na kupata huduma huwa kuna siku za kungoja. Kwa siku hizo tenga fedha kidogo ya kumuona daktari, kupima na kununua dawa. Bumu likiingia, itoe hiyo kwanza kabla ya kitu kingine, uiweke mahali ambapo mkono hauiendei.

Kuna mambo mawili kuhusu kadi. La kwanza, usimwazime mtu, hata rafiki wa kufa na kuzikana. Ni kosa, na pia ugonjwa wake utaandikwa kwenye faili lako, na kesho daktari atakutibu kwa historia ya mtu mwingine. La pili, kabla ya kusaini fomu ya matibabu, isome. Kama imeandikwa kipimo ambacho hukufanyiwa, uliza kwa adabu. Saini yako ndiyo inayolipa.

Na kama huna bima wala hela? Usibaki chumbani. Katika hospitali za Serikali kuna afisa ustawi wa jamii. Muulizie mapokezi, nenda na kitambulisho cha chuo, mweleze hali yako bila kuona haya. Kazi yake ni kumsikiliza mtu asiye na uwezo na kuona namna ya kumsaidia. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi nayo iko kwa ajili hiyo.

Siku ya kwenda hospitali

Nenda asubuhi mapema, umebeba kitambulisho, kadi, maji ya kunywa na simu yenye chaji. Ukiweza, nenda na mtu. Mapokezi mambo huenda hivi:

"Shikamoo."

"Marahaba. Una kadi?"

"Ninayo hii. Nilishawahi kutibiwa hapa, faili lipo."

Watapima joto, uzito na presha, kisha utasubiri. Ukiingia kwa daktari, usianze na "dokta, nina malaria." Mwambie unachokisikia, jina la ugonjwa atalitafuta yeye. Sema mambo manne: kilianza lini, kimebadilikaje, umemeza nini tayari, na dawa gani inakudhuru. La tatu ndilo tunalificha zaidi. Kama ulimeza mseto wa dukani, au dawa ya mitishamba uliyopewa na shangazi, liseme. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuonyesha ugonjwa hata wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo daktari asiyejua ulitibiwa juzi anaweza kukutibu tena kitu kisichokuwepo.

Kabla ya kutoka, uliza maswali matatu: ninaumwa nini, dawa hii naimezaje na kwa siku ngapi, nikiona dalili gani nirudi? Kama hujaelewa mwandiko, mwambie mfamasia akusomee. Hakuna nesi mwenye busara atakayekucheka kwa kutaka kuelewa dawa yako mwenyewe.

Duka la dawa muhimu lina kazi yake: dawa za maumivu, chumvi chumvi ya kuharisha, dawa nyingine za kawaida. Lakini si mahali pa kuchomwa sindano, wala pa kununua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki kwa sababu hela imeishia hapo. Nusu dozi inaviacha hai vijidudu vyenye nguvu, na safari ijayo dawa ile ile haitafanya kazi.

Magonjwa ya huku kwetu

*Malaria.* Mwaka wa masomo huanza wakati vuli inakaribia au imeshaanza, na mbu wa ukanda wa ziwa hawana simile. Chandarua chenye dawa kiwe kitu cha kwanza kufunga chumbani, kabla ya pazia. Kichomeke chini ya godoro, na ukiona tundu lishone siku hiyo hiyo. Ukipata homa, pima ndani ya saa 24. Ukikutwa na malaria ya kawaida na kupewa mseto, dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili inamezwa saa nane baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Meza ukiwa umekula chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa yanatosha, ili dawa ifyonzwe vizuri. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi ukaulize. Na umalize vyote 24, hata kama siku ya pili unajisikia kucheza mpira. Ukianza kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi au kushindwa kusimama, hiyo ni malaria kali. Hapo vidonge havitoshi tena, unahitaji sindano na kitanda.

*Kichocho.* Ziwa letu ni zuri, na jua la Musoma linashawishi. Lakini kwenye maji yaliyotulia karibu na majani kuna konokono wadogo wanaotoa vijidudu vya kichocho cha tumbo. Vijidudu hivyo hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Huna haja ya kunywa maji, kusimama unafua kunatosha. Vinakuwa vingi zaidi mchana jua likiwa kali. Kama maji yako ya kuoga yanatoka ziwani, yachemshe au yaache kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili, vijidudu hufa. Mwanzoni unaweza kuwashwa tu. Baadaye huja uchovu, maumivu ya tumbo na choo chenye damu, na kikikaa miaka huharibu ini. Kama umeshaoga ziwani, miezi miwili baadaye kapime choo. Dawa yake ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wako na kumezwa ukiwa umeshiba.

*Matumbo.* Kuharisha, kipindupindu na taifodi hupitia mdomoni. Chemsha maji ya kunywa au tumia dawa ya kutibu maji, nawa kwa sabuni, kula chakula kikiwa cha moto. Ukiharisha maji maji, anza chumvi chumvi mara moja na uende kituoni. Kuhusu taifodi, kipimo cha Widal peke yake hukosea mara nyingi. Ukiambiwa una taifodi kila mwezi, muulize daktari kama kipo kipimo cha kuotesha vijidudu.

*Porini na shambani.* Wa kilimo, vaeni buti na glavu, na mkimaliza kupulizia sumu msile kabla ya kuoga na kubadili nguo. Ukiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Vua pete na saa, tulia, kiungo kisitikisike, upelekwe hospitali. Na kama ulikwenda Serengeti, ukaumwa na mbung'o, kisha homa ikafuata, mwambie daktari kuhusu safari hiyo. Malale ni nadra, lakini hayagunduliki kama hakuna aliyeyafikiria.

Mambo tunayoyanong'ona

Wengi huanza mapenzi chuoni, na wengi huyaanza bila kuuliza swali hata moja. Kondomu na uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya Serikali. P2, dawa ya kuzuia mimba baada ya tendo, ni ya dharura, inafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi na kabla ya saa 72 kupita. Usiigeuze kuwa desturi ya kila wiki. Ukiona umepitiliza siku zako, pima. Ukikutwa na mimba, anza kliniki kabla ya wiki 12, na usikubali vidonge vya kichochoroni, vimewazika mabinti wa watu. Kwa dharura ya mjamzito au mtoto mchanga, namba ya m-mama ni 115, haina malipo.

Ukihofia umeambukizwa virusi vya UKIMWI, kwa kondomu kupasuka, kwa kubakwa, au kwa kuchomwa sindano ukiwa kwenye mafunzo ya uuguzi, kuna dawa za kuzuia. Lazima uanze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza kinga. Sema mapokezi kwamba ni dharura. Huna haja ya kusimulia mbele ya foleni.

Aliyebakwa au kupigwa asioge, asibadili nguo, aende hospitali kwanza. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi, lakini matibabu ya kuokoa maisha yasisubiri karatasi. Ulizia huduma ya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutana na mtu mahali pamoja. Kosa si lako.

Kichwa kikizidiwa

Sapu mbili, ada haijaisha, nyumbani wanasubiri uwe mkombozi. Wapo wanaolala mchana kutwa, wanaoacha kula, wanaotafuta nafuu kwenye gongo au bangi. Tunasema "amelogwa" au "amekuwa mvivu." Ukikosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa wiki mbili mfululizo, huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na una tiba. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo mahali pa kuulizia kitengo cha afya ya akili. Anza na mshauri wa wanafunzi kama hospitali inakutia hofu, au na padri, shehe, mchungaji au mwalimu unayemwamini. Na mwenzako akikwambia amechoka kuishi, usimhubirie. Kaa naye, msikilize, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ugonjwa na masomo

Ukiugua wakati wa mtihani, karatasi ya daktari ifike kwa mkuu wa idara au mshauri wa wanafunzi kabla ya mtihani, si baada ya matokeo. Kama huwezi kutembea, mtume mwenzako, apige picha nakala, apate jina la aliyeipokea. Kuahirisha mtihani kwa ugonjwa ni haki iliyomo kwenye kanuni za chuo. Kuingia chumba cha mtihani na homa ya nyuzi 39 kisha ukadisko si ushujaa.

Karatasi ya mlangoni

Leo, kabla hujalala, chukua karatasi moja. Andika jina la kituo cha afya kilicho karibu na hospitali inayofuata. Andika namba za bodaboda wawili unaowaamini, na umwambie kila mmoja kwamba siku moja unaweza kumpigia saa nane usiku. Andika 112 ya polisi na dharura, 115 ya m-mama, na 199 ya Wizara ya Afya. Andika mtu wa kupigiwa nyumbani, dawa inayokudhuru, na mahali ulipoweka kadi. Ibandike nyuma ya mlango, kwa mwandiko unaosomeka.

Halafu mwonyeshe mwenzako wa chumbani, naye akuonyeshe ya kwake. Kama unaishi peke yako geto la mtaani, mwonyeshe mama mwenye nyumba. Homa kali humnyang'anya mtu akili ya kujisaidia, nilishindwa hata kukumbuka begi liko wapi. Yule mwenzangu aliona sijafika kwenye kipindi cha saa mbili, akarudi, akagonga, akasukuma mlango. Kesho ukimkosa mtu darasani, usiseme atakuwa amelala. Nenda ukagonge.